Jinsi ya Kumpata Buibui Kaa kwenye Maua: Mwongozo kwa Walioko Mtwara na Lindi

Kila ufuta ukichanua, maswali yanayonifikia ni yale yale. "Nimezunguka shamba zima sijamwona hata mmoja." "Ana sumu?" "Mbona hana utando?" "Juzi nilimwona mweupe, leo ni wa manjano, ndiye yule yule?" Wanaouliza ni wanafunzi, wafugaji wa nyuki, wakulima, na vijana waliopata simu zenye kamera nzuri. Nayajibu yote hapa, ili kesho asubuhi uweze kutoka na kumpata mwenyewe.

Kwanza tuelewane ni buibui yupi. Namzungumzia yule wa familia ya Thomisidae, hasa wa jenasi (kundi dogo ndani ya familia) ya Thomisus, anayekaa kwenye maua. Tunamwita buibui kaa kwa sababu miguu yake imejipanga ubavuni, jozi mbili za mbele ni ndefu na nene kuliko za nyuma, na akishtuka huenda upande upande kama kaa wa Mikindani bahari ikikupwa. Hafumi utando wa kunasia chochote. Hukaa juu ya ua, akafungua miguu ya mbele, akatulia. Nyuki akitua, humkumbatia na kumng'ata karibu na shingo, na sumu hufanya kazi haraka hata kama nyuki mwenyewe ni mkubwa kumzidi buibui.

Jike ana ukubwa wa punje ya mbaazi, pengine zaidi kidogo. Dume ni mdogo mno, mwili wake kama punje ya ufuta, rangi ya kahawia. Kwa hiyo karibu kila picha nzuri unayoiona ni ya jike, na wewe unayeanza mtafute jike.

Uwe na nini kabla ya kutoka

- Simu yenye kamera. Lenzi ndogo ya kubana kwenye simu inasaidia sana, lakini usisubiri mpaka uipate.
- Daftari na kalamu ya risasi. Wino huyeyuka kwa umande.
- Vipande vya kitambaa vya kufungia alama, rangi isiyong'aa.
- Kopo la plastiki linaloona ndani, lenye mfuniko uliotobolewa.
- Mwavuli wa rangi nyepesi, au kitambaa cheupe, kwa ajili ya vichaka tu.
- Viatu vilivyofunika miguu, suruali ndefu, maji ya kunywa.

Huhitaji wavu. Ukipitisha wavu kwenye maua utamvunja miguu, na hutajua alikuwa amekaa kwenye ua gani, jambo ambalo ndilo lenye thamani kuliko yeye mwenyewe kuwa ndani ya kopo.

Utafute wapi, na lini

Hapa ndipo wengi wanapokosea, kwa hiyo nitakaa kidogo. Watu wanadhani buibui wa ajabu lazima awe msituni, wanapanga safari ya Rondo. Buibui kaa hutaka maua yanayotembelewa na wadudu, na maua hayo mengi yako shambani na nyuma ya nyumba yako.

Ufuta ni wa kwanza kwenye orodha yangu. Mikoa yetu inaulima kwa wingi, na kuanzia Machi hadi Mei, kutegemea ulipandwa lini, mashamba ya Ruangwa, Nachingwea, Mtama (zamani Lindi Vijijini) na Kilwa huwa yamejaa maua meupe na ya zambarau hafifu. Ua la ufuta hufunguka alfajiri na kudondoka jioni ya siku hiyo hiyo. Fikiria maana yake kwa buibui: nyumba yake inaanguka kila siku, na kesho lazima ahamie ua jingine. Tena mmea unachanua kutoka chini kwenda juu. Kwa hiyo usipoteze muda kwenye sehemu ya shina iliyokwisha kufunga maganda ya mbegu. Anza pale maganda yanapoishia na maua yanapoanza.

Mikorosho inafuata, kuanzia Juni hadi Septemba hivi. Mashada yake yana maua madogo madogo, machanga yakiwa meupe na yakizeeka yanageuka mekundu, na buibui hujificha katikati ya vijiti vya shada. Ni kazi ngumu kidogo kwa anayeanza. Mbaazi huchanua mvua zikishaisha, maua ya manjano, na hapo utakuta wa manjano. Maua ya maboga, bamia, alizeti na hata kishona nguo kando ya njia yote ni mazuri. Mimi wa kwanza nilimpata kwenye ua la boga, hatua kumi kutoka jikoni.

Majani marefu ya kando ya njia yana ndugu zake: jenasi ya Runcinia na ya Monaeses. Hao ni wembamba, hujinyoosha juu ya jani wakielekeza miguu ya mbele mbele kabisa, ukadhani ni kipande cha nyasi kavu. Ukiwaona, wapige picha pia.

Muda wa siku ni saa 1 hadi saa 4 asubuhi. Nyuki wameshaanza kazi, jua halijawa kali, na upepo wa kusi bado haujashika kasi. Kuanzia Juni pwani ya Mtwara na Lindi kusi hupiga kweli kweli, na ua linaloyumba halipigiki picha.

Kazi yenyewe

1. Omba ruhusa. Shamba ni la mtu hata kama hakuna uzio. Mtafute mwenyewe na umsalimie vizuri. "Shikamoo babu." "Marahaba mjukuu wangu." "Naomba niangalie maua ya ufuta wako, natafuta buibui." Atashangaa, kisha atakwambia jambo la maana, kama mzee mmoja wa Nachingwea aliyeniambia: "Angalia, ila usiniangushie maua." Alikuwa na haki. Ua la ufuta huanguka kwa kuguswa tu. Uliza pia swali moja muhimu: shamba limepuliziwa dawa lini? Mikorosho iliyopigwa salfa kwa ajili ya ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe, hupaswi kuingia chini yake siku hiyo. Vumbi lake linachoma macho na kifua. Na ukitaka kwenda msitu wa hifadhi kama Rondo, kibali kinatafutwa TFS (Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania) kabla ya safari, si ukifika.

2. Chagua eneo dogo. Chukua mistari miwili ya ufuta, hatua ishirini, basi. Au kichaka kimoja cha maua. Anayeanza hutembea shamba zima kwa nusu saa na kurudi mikono mitupu. Nusu saa hiyo hiyo kwenye hatua ishirini inakupa buibui.

3. Usimtafute buibui. Mtafute mdudu asiyeondoka. Ukishika hatua hii peke yake, mwongozo umefanya kazi. Buibui mweupe juu ya ua jeupe jicho lako halitamwona, na maumbile yamefanya kazi kubwa sana ili usimwone. Lakini nyuki wa kawaida hakai kwenye ua moja muda mrefu. Anaingia, anatoka, anahama. Kwa hiyo simama, tazama eneo lako lote kwa pamoja, na ujiulize: ni nyuki gani, nzi gani, kipepeo gani hajasogea tangu nimefika? Msogelee huyo. Mara nyingi utakuta kichwa chake kimeinama vibaya, mabawa yamekaa ovyo, na chini yake kuna miguu ambayo si yake.

4. Tazama na chini. Kama huoni mdudu aliyetulia, angalia ardhini na kwenye majani ya chini. Buibui kaa hana meno ya kutafuna kwenye taya zake. Hutoboa tundu dogo, akafyonza vyote vilivyo ndani, kisha akaliachia ganda likiwa zima. Ukiokota nyuki mzima mzima lakini mwepesi kama kapi, mwenyewe yuko juu yako, pengine shina hilo hilo.

5. Sogea polepole, na kivuli chako kibaki nyuma. Simama upande ambao jua haliko mgongoni mwako. Kivuli kikimpita, hujibana nyuma ya petali au hujiachia kwa uzi na kutoweka kwenye majani. Ndiyo, uzi anao; huufunga anapotembea, kama mpanda mnazi aliyejifunga kamba. Anachokosa ni utando wa kunasia. Akijificha, usifukuze. Hesabu polepole hadi mia mbili. Hurudi pale pale, kwa sababu ua zuri si jambo la kuachwa ovyo.

6. Mhakikishe. Kabla hujapiga picha hamsini, angalia mambo haya. Miguu ya mbele ni jozi mbili ndefu zilizofunguka kama mtu anayekaribisha mgeni. Tumbo ni pana nyuma kuliko mbele, na kwa Thomisus wengi lina pembe mbili zilizochongoka nyuma. Macho ni manane, madogo, safu mbili, na yale ya pembeni yamekaa juu ya vipembe vidogo, kwa hiyo uso unaonekana kama una kona. Ngozi ni laini, haina manyoya mengi.

Wanaochanganywa naye ni hawa. Buibui mrukaji ana macho mawili makubwa mbele kama taa za lori, na hugeuka kukutazama. Buibui mwenye miiba mirefu miguuni anayerukaruka juu ya majani mabichi ni wa familia ya Oxyopidae, naye huwinda juu ya mimea vilevile. Yule bapa, mkubwa, wa ukutani usiku, anayekimbia kiupande hadi watu wakapiga kelele, si huyu wetu hata kidogo, ingawa mwendo wao unafanana. Na dume mdogo wa kahawia watu humdhania kupe. Kupe mwili wake ni kipande kimoja. Buibui ana sehemu mbili, kichwa na kifua mbele, tumbo nyuma.

7. Piga picha nne kwa mpangilio. Ya kwanza ionyeshe mmea mzima, ili mtu ajue ni ufuta au mbaazi. Ya pili ua na buibui. Ya tatu mgongo wake kutoka juu kabisa. Ya nne uso, ukiwa umeshusha simu usawa wa ua. Hiyo ya nne ndiyo wengi wanaisahau, na ndiyo inayoonyesha vile vipembe vya macho. Gusa kioo cha simu pale alipo buibui ili kamera ishike hapo. Kama inang'ang'ania kushika majani ya nyuma, weka kiganja nyuma ya ua mpaka ishike, kisha ukiondoe. Shika shina kwa vidole viwili chini ya ua ili lisiyumbe. Usitumie mwanga wa flashi kwa buibui mweupe, atatoka kama tone la chokaa. Mkinge jua kwa kofia yako badala yake.

8. Andika pale pale. Tarehe, saa, kijiji, mmea, rangi ya ua, rangi ya buibui, alichokuwa anakula. Ukisema utaandika nyumbani, hutakumbuka kama alikuwa kwenye ua la tatu au la tano. Picha bila mahali na mmea ni pambo tu. Ukipenda, ziweke kwenye programu ya iNaturalist, ambako watu wanaowajua buibui huzipitia. Jina la jenasi hupatikana kwa picha. Jina la spishi mara nyingi linahitaji viungo vya uzazi vitazamwe kwa hadubini, kwa hiyo usikubali mtu akupe spishi kwa picha moja yenye ukungu, na wewe usimpe mtu.

9. Funga alama, urudi kesho. Funga kitambaa kwenye shina la jirani, si shina lake. Rudi saa ile ile. Kwenye ufuta atakuwa amehamia ua la juu yake au la mmea wa pili. Kwenye boga au alizeti unaweza kumkuta yuleyule siku nyingi, na hapo ndipo utaona rangi ikigeuka.

Kuhusu rangi, nieleze kwa kifupi. Jike anaweza kugeuka kutoka weupe kwenda manjano na kurudi. Weupe unatokana na fuwele ndogo za guanini chini ya ngozi yake inayopitisha mwanga. Manjano ni rangi inayopandishwa juu ya huo weupe na kuufunika. Si kinyonga. Ni kazi ya siku kadhaa, na kutengeneza manjano huchukua muda mrefu kuliko kuyaondoa. Kwa Misumena vatia, ndugu yake wa Ulaya na Marekani Kaskazini ambaye amechunguzwa zaidi, kufikia manjano kamili huchukua siku 10 hadi 25, na kurudi weupe kama siku 6. Kwa hiyo ukimwona mweupe jana na wa manjano leo kwenye ua lile lile, karibu hakika ni wawili tofauti.

Usimhamishe kwa nguvu ili uone akigeuka. Nimewahi kujaribu, nikamtoa mweupe kwenye ufuta nikamweka juu ya ua la boga. Alikaa kidogo, akajiachia kwa uzi, sikumwona tena. Niliumia, maana nilikuwa nimemfuatilia siku sita.

Makosa yanayogharimu

Kuutikisa mmea ndilo kosa la kwanza. Mwavuli uliogeuzwa, ukaugonga tawi mara mbili au tatu juu yake, ni njia nzuri kwa vichaka vya kando ya njia visivyo na mwenyewe. Kwenye ufuta, mbaazi au mkorosho wa mtu, usithubutu. Unaangusha maua, na baadhi ya maua ya mkorosho yaliyoanguka yangeweza kuwa korosho.

Maji moto, wale chungu wa mtini. Kabla hujaingiza mkono kwenye mkorosho, angalia kama kuna majani yaliyoshonwa pamoja kama mfuko. Hayo ni makazi yao. Wanang'ata, na hawang'ati mmoja. Usiwaharibie: wanaulinda mkorosho dhidi ya mbu wa mikorosho (mdudu anayefyonza mti, si mbu wa kuuma watu), na wakulima wengi wanajua hilo. Mti wenye maji moto wengi huwa siuhangaikii kutafuta buibui kaa. Nahamia mti mwingine.

Upupu. Mvua zikiisha, maganda yake yanakauka pembeni mwa mashamba, na upepo ukipita ngozi yako itajua. Tazama kichaka kizima kabla hujakiinamia. Na nyoka hupenda nyasi hizo hizo unazozitazama, ndiyo maana nikasema viatu vilivyofunika.

Kumshika kwa vidole. Sumu anayo, lakini ni kwa ajili ya wadudu. Kwa mtu si buibui wa kuogopwa. Anayeumia ni yeye, miguu yake hukatika. Ukilazimika kumtazama kwa karibu, mwelekeze aingie kwenye kopo, kaa naye dakika chache kivulini, mrudishe kwenye ua lile lile. Kopo lililoachwa juani ndani ya gari linamwua upesi sana.

Kufungua jani lililokunjwa. Ukiona jani limekunjwa na kushonwa kwa nyuzi nyeupe, na jike amekaa juu yake au ndani, hapo kuna mfuko wa mayai. Amekonda, hawindi kama zamani, analinda. Piga picha moja uondoke.

Ukikwama

*Nimetafuta siku tatu, sioni.* Nenda ulipo msongamano wa nyuki. Kama maua yapo na nyuki hawapo, uliza tena kuhusu dawa. Shamba linalopuliziwa viuadudu mara kwa mara linaweza kuwa na maua mazuri kabisa na lisiwe na buibui hata mmoja.

*Nyasi zimechomwa, hakuna maua.* Agosti na Septemba nchi kavu huwa hivyo. Shuka bondeni, kwenye bustani za mboga kando ya Lukuledi au mto wowote ulio karibu nawe, ambako bamia na maboga vinamwagiliwa. Au nenda kwenye mikorosho.

*Nimemwona mara moja, akapotea.* Angalia chini ya ua, siyo juu. Anapenda kuning'inia upande wa chini wa petali, ukiona ncha za miguu tu.

*Picha zote ni za ukungu.* Upepo, au umesogea karibu kuliko simu inavyoweza. Rudi nyuma shibiri moja, piga, kisha ukate picha baadaye.

*Jirani anafuga nyuki, anataka niwaue wote.* Mwonyeshe. Kaa naye mbele ya ua moja lenye buibui, asubuhi moja, mhesabu nyuki wanaotua shambani na nyuki wanaokamatwa. Nilifanya hivyo na mama mmoja mwenye mizinga karibu na Masasi. Tulikaa toka saa 2 hadi karibu saa 4, nyuki wakipita bila idadi, na buibui wetu alikamata nzi mmoja. Mama akasema, "Basi huyu mwache, anakula kidogo." Siku hizi ananipigia simu akiona wa manjano kwenye mbaazi zake.